Lake View: walishinda kesi, wakafutiwa wilaya

Wilaya ya shule ya Lake View namba 25, kaunti ya Phillips, jimbo la Arkansas, Marekani. Mwaka 1992 waliishtaki serikali ya jimbo kwamba mfumo wa kugawa hela za shule ni wa uonevu, 2002 wakashinda kwenye Mahakama ya Juu ya jimbo, ushindi mkubwa kabisa, na tarehe 1 Julai 2004 wilaya yenyewe ikafutwa. Haikufutwa kwa sababu ilifanya kosa lolote. Ilifutwa kwa sheria iliyotungwa ili kutekeleza ushindi wao wenyewe. Sasa ukitaka kuelewa wilaya ndogo ya shule ya kijijini kule Marekani inaongozwaje na inakula wapi, sijaona kisa kinachofundisha kama hiki, maana humu unaona hela na madaraka vinavyotembea pamoja hata pale watu wanapodhani wamedai kimoja tu.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu hiki kitu "wilaya ya shule" maana kwetu hakipo. Siyo wilaya ya DC na mkurugenzi wa halmashauri. Ni mamlaka inayojitegemea, kazi yake shule tu, ina mipaka yake, ina uwezo wa kutoza kodi na kukopa hela ya kujengea. Juu kuna bodi, Arkansas mara nyingi watu watano au saba, wanachaguliwa kwa kura na wakazi wa hapo hapo na hawalipwi mshahara. Unaweza kukuta mjumbe ni mkulima, mwingine fundi, mwingine mama mstaafu. Bodi ndo inaajiri mkuu wa wilaya, yule anayeshika bajeti, walimu, mabasi na kila kitu, na bodi ndo inaweza kumtimua. Bodi inapitisha bajeti, inaamua shule ipi ipakwe rangi mwaka huu na ipi isubiri. Sisi tumezoea hela ishuke kutoka Hazina na mwalimu aletwe na serikali, kule miaka yote msingi ulikuwa kijiji chenyewe kijitoze, kiajiri na kisimamie, jimbo linaongezea, na Washington inachangia sehemu ndogo, wastani wa nchi nzima inachezea kama asilimia 8 hadi 10 japo kwa wilaya maskini inakuwa zaidi.

Wenyewe wanaliita hilo mamlaka ya wenyeji na wanalipenda kweli kweli.

Kwa Lake View lilikuwa na uzito wa ziada. Kaunti ya Phillips iko mashariki ya Arkansas, kwenye bonde la mto Mississippi, nchi ya pamba. Ni kaunti hiyo hiyo ambako mwaka 1919, sehemu za Elaine, wakulima weusi waliokuwa wanalima kwa kugawana mazao na mwenye shamba waliunda chama ili wadai bei ya haki ya pamba yao, wakavamiwa na weusi wengi sana wakauawa. Lake View yenyewe ilizaliwa miaka ya 1930 kama mradi wa serikali ya shirikisho wa kuwapa ardhi na nyumba familia za wakulima weusi waliokuwa hawana kitu. Yaani ni kijiji cha watu ambao kumiliki chochote kilikuwa kitu kipya, na hesabu ya watu ya 2000 ilikuta wakazi 531 tu. Kwa mahali pa namna hiyo bodi ya shule ni moja ya vyombo vichache sana ambavyo mtu mweusi anasimama, anachaguliwa na majirani zake, anasaini cheki na anaajiri. Hilo liweke kichwani maana mahakamani halikuzungumzwa sana, lakini ndo lililokuja kuondoka.

Haya, hela. Kodi ya msingi ni ya mali, yaani nyumba, ardhi, viwanda, magari. Arkansas mali inakadiriwa kwa asilimia 20 ya thamani yake ya soko, afu inatozwa kwa kipimo wanachokiita mili, mili moja ni dola 1 kwa kila dola 1,000 za hiyo thamani iliyokadiriwa. Kwahiyo nyumba ya dola 50,000 inakadiriwa 10,000, ukitoza mili 25 mwenye nyumba analipa dola 250 kwa mwaka. Kiwango cha mili wananchi wenyewe wanakipigia kura, na wakikataa wamekataa, bodi inabaki inaangalia.

Sasa chukua wilaya mbili za kubuni, zote zina watoto 200. Ya kwanza ni nyumba chakavu na mashamba (mashamba yanakadiriwa kwa kile yanachozalisha siyo kwa bei ya kuuzia, kwahiyo yanaleta kidogo), jumla ya makadirio dola milioni 10. Ya pili ina kiwanda kimoja kikubwa na nyumba nzuri, makadirio milioni 40. Wote wajitoze mili 25 ile ile, wa kwanza wanapata 250,000, wa pili milioni 1. Kwa kichwa cha mtoto ni 1,250 dhidi ya 5,000. Hawa wa kwanza hawajawa wavivu wala wabahili, wamejitoza sawa na wenzao, ila walichonacho ndo hicho. Na wakiamua kuongeza mili moja zaidi ili wanunue basi, wanapata dola 10,000, wenzao mili hiyo hiyo moja inawapa 40,000. Huo ndo ugonjwa, na ulijulikana zamani sana.

Kwanini basi wasiende Washington? Kwasababu mlango huo ulifungwa 1973, kwenye kesi ya San Antonio na Rodriguez kutoka Texas, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwa kura 5 kwa 4 kwamba elimu siyo haki iliyoandikwa kwenye katiba ya shirikisho, kwahiyo kila mtu akapambane na jimbo lake. Bahati nzuri katiba za majimbo zinaitaja elimu. Ya Arkansas ya 1874, ibara ya 14, inalitaka jimbo liwe na mfumo wa shule za umma za bure ulio wa jumla, unaofaa na wenye ufanisi. Tayari 1983, kwenye kesi iliyofunguliwa na wilaya ya Alma na wenzake, Mahakama ya Juu ya Arkansas ilishasema mgawo wa hela unavunja katiba. Bunge likarekebisha rekebisha, miaka ikaenda, pengo likabaki.

Agosti 1992 Lake View wakaingia mahakamani. Bill Clinton ndo alikuwa gavana, wakati huo yuko barabarani anatafuta urais. Novemba 1994 jaji Annabelle Clinton Imber (hawana undugu, usihangaike) akatoa uamuzi kwamba mfumo hauna usawa na unavunja katiba, ila akawapa bunge miaka miwili wajipange. Bunge likaja na fomula mpya 1995, na 1996 wapiga kura wakapitisha marekebisho ya katiba namba 74, kwamba kila wilaya ni lazima itoze angalau mili 25 kwa ajili ya uendeshaji. Kwenye karatasi ikaonekana ishu imekwisha. Kesi ikaburuzwa, ikapanda ikashuka, ikarudishwa chini isikilizwe upya kuona kama hayo marekebisho yametosha, na Mei 2001 jaji mwingine, Collins Kilgore, akasema bado, hela hazitoshi na hazigawanywi kwa haki.

Ikapandishwa tena juu, na hukumu ya 21 Novemba 2002, iliyoandikwa na jaji Robert Brown, ndo yenye ile sehemu ambayo kila anayeisoma anakumbuka. Mahakama haikubaki kwenye mili na asilimia, ilimwelezea mwalimu wa hesabu wa Lake View. Shule nzima ya sekondari ilikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu, hana cheti cha kufundisha hesabu, anafundisha masomo yote ya hesabu peke yake mpaka trigonometria. Analipwa kama mwalimu wa muda, dola 10,000 kwa mwaka, na ili maisha yaende anaendesha basi la shule, hiyo inamwongezea 5,000. Darasani hana bikari hata moja, kalkuleta hazitoshi wanafunzi wa trigonometria, soketi za umeme chache, ubao mmoja, kompyuta ina mapungufu ya vifaa na programu, printa haifanyi kazi, karatasi za kuungaunga. Timu ya basketi haina jezi. Na katika wahitimu wa Lake View waliokwenda chuo, asilimia 100 walihitaji kusomeshwa upya masomo ya msingi kabla ya kuanza ya chuo. Wote.

Mimi nikisoma hapo sioni tu umaskini, naona pia hesabu ya udogo. Wilaya ya watoto wachache inalipwa kwa kichwa, lakini mwalimu wa hesabu hauwezi kumgawanya. Ukiwa na watoto 12 kwenye trigonometria unahitaji mwalimu mzima, ukiwa na 25 unahitaji mwalimu huyo huyo mmoja. Mkuu wa wilaya mmoja, mhasibu mmoja, mpishi, paa moja, boila moja. Kwahiyo hata ungewapa Lake View dola sawa sawa kwa kichwa na wilaya ya mjini, bado wangekuwa nyuma. Usawa kwa kichwa hautoshi kwa mdogo, ni lazima apewe zaidi ya sawa, na hapo ndo swali la kisiasa linapoingia lenyewe bila kualikwa: nani yuko tayari kuendelea kulipa zaidi ili kijiji cha watu 500 kiwe na bodi yake?

Mahakama ikasema jimbo ndo lenye wajibu, haliwezi kujificha nyuma ya wilaya wala kusema wenyeji hawakujitoza. Ikawapa mpaka 1 Januari 2004 mfumo uwe umerekebishwa. Na angalia vizuri, hukumu haikuamuru wilaya yoyote iunganishwe. Ilisema elimu iwe ya kutosha na iwe na usawa, namna ya kufika huko ikaachwa kwa bunge na gavana.

Gavana alikuwa Mike Huckabee, na mwanzoni mwa 2003 akaja na lake: kama jimbo ndo linabeba mzigo basi wilaya ni nyingi mno, zilikuwa zaidi ya 300, akataka zile za chini ya wanafunzi 1,500 ziunganishwe. Vijiji vikawaka moto. Kule shule ya sekondari ya kijijini ndo timu ya mpira, ndo ukumbi wa misiba na harusi, ndo mwajiri mkubwa, ikifungwa duka la mafuta nalo linafuata. Wabunge wa vijijini wakagoma kabisa na namba ya gavana. Wakavutana mwaka mzima, tarehe ya mahakama ikafika na kupita, mpaka kikao maalumu kikatoa Sheria namba 60: wilaya yenye wastani wa wanafunzi chini ya 350 kwa miaka miwili mfululizo lazima iungane na nyingine, ikipata mchumba yenyewe sawa, ikishindwa bodi ya elimu ya jimbo inaipangia. Huckabee aliona hiyo 350 ni mzaha, akakataa hata kusaini, ikawa sheria bila saini yake.

Mtu akikuambia 350 ilitoka kwenye utafiti mwambie hapana. Ilitoka kwenye mvutano, ni namba ambayo wabunge wa kutosha waliona haitawagusa wao. Waliobaki chini ya mstari ndo wale wasio na watu wa kuwasemea, na Lake View alikuwa mmojawao.

Hela kweli zilikuja, hilo tusilifiche. Kodi ya mauzo ya jimbo ilipandishwa kutoka asilimia 5.125 hadi 6 kuanzia Machi 2004, mgawo wa msingi ukawekwa dola 5,400 kwa kila mwanafunzi, kima cha chini cha mshahara wa mwalimu kikawa 27,500 (mkumbuke yule wa 10,000 na basi). Na ikapitishwa sheria kwamba bunge lazima lipitie upya kila mara kiasi gani kinatosha, siyo mpaka lishtakiwe. Fomula inakwenda hivi: wanachukua mili 25 za wilaya, wanahesabu kwamba zitakusanywa kwa asilimia 98, wanagawa kwa wanafunzi, pengo mpaka 5,400 linajazwa na jimbo. Ile wilaya yetu ya kubuni ya milioni 10: inakusanya 245,000, kwa watoto 200 ni 1,225 kwa kichwa, jimbo linaweka 4,175. Yaani katika bajeti ya msingi ya dola 1,080,000, jimbo linatoa 835,000.

Hapo simama kidogo. Bodi ile ile ya majirani watano, lakini zaidi ya robo tatu ya hela inaletwa na mtu mwingine. Na mwenye kuleta atakuuliza kwanini mko wadogo hivyo. Tena hiyo 5,400 yenyewe ilipigiwa hesabu na washauri kwa kuchora shule ya mfano yenye wanafunzi 500, walimu kadhaa, mkuu mmoja, nesi, mkutubi na kadhalika, gharama ikagawiwa kwa 500. Shule ya watoto 500! Wilaya nzima ya Lake View haikufika 350. Yaani gauni lilikatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, afu aliyekuwa mdogo ndo akaambiwa ana shida ya mwili.

Basi 1 Julai 2004 Lake View ikaunganishwa na jirani yake Barton-Lexa, kaunti hiyo hiyo. Mwaka huo idadi ya wilaya Arkansas nzima ikashuka hadi 254. Na hapa kuna kitu ambacho watu wengi hawakioni: Barton hawakuwa matajiri. Ile ile hukumu ya 2002 iliitaja shule ya msingi ya Barton kuwa ina vyoo viwili vyenye vyumba vinne kwa watoto zaidi ya mia moja. Yaani maskini alipelekwa kwa maskini mwenzake, tofauti yao kubwa ikiwa ni kwamba mmoja alikuwa juu ya mstari na mwingine chini.

Kuunganishwa maana yake nini kiutendaji? Wilaya ya zamani inakufa kisheria. Majengo, mabasi, madeni na mili zinahamia wilaya mpya. Mkuu wa wilaya mmoja anaondoka, mhasibu mmoja anaondoka, hapo ndo penye akiba, na siyo kubwa kama ilivyotangazwa maana walimu bado wanahitajika na mabasi sasa yanakwenda mbali zaidi. Lakini kilichobadilika kuliko vyote ni kura. Lake View walikuwa na bodi yao yote, sasa ni kijiji kimoja ndani ya wilaya kubwa zaidi, na anayeamua jengo gani lifungwe siyo tena mtu utakayekutana naye kanisani Jumapili. Wakazi waliliona hilo na hawakukaa kimya, wakaunda kundi la marafiki wa wilaya ya Lake View, wakaenda mahakama za shirikisho wakidai Sheria 60 imewabagua. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya kanda ya nane ikakubali kesi itupwe.

Kuna hoja ya upande wa pili na ina nguvu, siwezi kuiruka. Mtoto wa Lake View aliyekuwa anafundishwa trigonometria na dereva wa basi hakuwa anafaidika na mamlaka ya wenyeji, alikuwa anaumia nayo, na kama kuunganishwa kumempatia mwalimu mwenye cheti na maabara basi mzazi gani atakataa? Sawa. Ila kesi ilishaleta mshahara wa 27,500 na mgawo mpya, na Lake View hawakupewa hata mwaka mmoja wa kuendesha shule kwa hela hizo walizozipigania miaka kumi. Dawa ilipofika mgonjwa alishafukiwa, kwahiyo hatutajua kamwe kama tatizo lilikuwa udogo au ukata. Mimi naamini vilikuwa vyote viwili, na bunge lilichagua kutibu kile cha bei rahisi kwanza.

Na wala kesi haikuishia hapo, ikaendelea bila aliyeifungua. Mahakama ilikuwa imeteua majaji wastaafu wawili wakague utekelezaji. 2005 bunge likaacha mgawo wa msingi pale pale 5,400 kwa mwaka uliofuata bila kuupandisha, wilaya 49 zikiwemo kubwa kama Rogers zikaingia kulalamika, Desemba mahakama ikasema bunge limekosea, 2006 kikao maalumu kikaongeza hela, na 31 Mei 2007 faili likafungwa rasmi. Limefungwa likiwa na jina la Lake View juu yake, na wilaya yenyewe haipo kwa karibu miaka mitatu.

Mwaka 2015 bunge la Arkansas likalegeza, sheria mpya ikaruhusu wilaya iliyoshuka chini ya 350 kuiomba bodi ya elimu ya jimbo isiunganishwe kama inajimudu kihela na kimasomo. Kaunti ya Phillips yenyewe imeendelea kupungua watu, Elaine waliunganishwa na Marvell 2006, na Marvell-Elaine nao walipofika kwenye mstari huo huo, 2023 ikatumika njia nyingine kabisa chini ya sheria mpya ya elimu ya gavana Sarah Huckabee Sanders, binti wa yule yule Huckabee: wilaya ikabaki na jina lake, uendeshaji wa shule ukakabidhiwa kwa mkataba shirika la kutoka nje.